Kidonge Kilichonyamazisha Mwili

Tom Simpson alizaliwa mwaka 1937 katika familia ya mchimba makaa ya mawe, kaskazini mwa Uingereza, na baiskeli ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1962 alikuwa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio za Tour de France. Mwaka 1965 akawa bingwa wa dunia wa mbio za barabarani. Mashabiki wa bara la Ulaya walimpenda kwa ucheshi wake na kwa tabia yake ya kutokubali kushindwa. Tabia hiyo ya pili ndiyo inayozaa kisa hiki.

Julai 1967, alipoingia tena Tour de France, alikuwa na miaka 29. Riziki ya mwendesha baiskeli wa zama hizo haikuwa katika mshahara peke yake. Ulaji hasa ulikuwa katika mikataba ya mbio ndogo zilizofuata baada ya Tour, na mikataba ilikimbilia kwa waliomaliza nafasi za juu. Simpson alikuja na hesabu yake kichwani: lazima awe miongoni mwa wa mwanzo. Hesabu ikavurugwa na tumbo. Walipokuwa wakivuka milima ya Alps alianza kuumwa, chakula kikawa hakikai, na bado kila kulipokucha alipanda baiskeli.

Tarehe 13 Julai msafara ulitoka Marseille kwenda Carpentras, zaidi ya kilomita 200, na njiani ulisubiriwa na Mont Ventoux. Mlima huo una urefu wa mita 1,909, na sehemu yake ya juu haina mti wala kivuli. Ni mawe meupe matupu yanayorudisha joto la jua usoni mwa mpandaji. Jua la siku hiyo lilikuwa kali kupita kawaida. Juu ya hayo, waendesha baiskeli wa enzi hizo waliaminishwa kwamba maji mengi humlegeza mtu, kwa hiyo walipewa chupa chache tu za kutwa nzima. Walipopita vijijini walivamia vilabu vya vinywaji na kunyakua chochote kinachonyweka. Simpson alikunywa brandi.

Kilele kilipokuwa kimebaki mwendo mfupi, alianza kupepesuka kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine. Akaanguka. Fundi wa timu akamwambia basi, imetosha. Hakutaka kusikia; akarudishwa kwenye baiskeli, akasukumwa, akaenda mita mia chache. Safari ya pili aliwaangukia watu mikononi, fahamu zikiwa zimekwisha kumtoka, lakini vidole vyake vilikuwa bado vimeukaza usukani hata ikabidi vibanduliwe kwa nguvu. Daktari wa mashindano, Pierre Dumas, alihangaika naye palepale kando ya barabara. Helikopta ikampeleka Avignon, na saa kumi na moja na dakika arobaini jioni ikathibitishwa kwamba amefariki.

Katika mfuko wa nyuma wa jezi yake vilikutwa vichupa vya vidonge, vingine vikiwa vimekwisha kumalizwa. Uchunguzi wa maiti ukakuta pombe na amfetamini.

Wapo waliosema kwa mkato kwamba dawa ilimuua. Ukweli ni mrefu zaidi, na ndimo funzo lilimo. Kilichosimamisha moyo wa Simpson kilikuwa ni mkusanyiko wa mambo: joto, kiu, tumbo lililomkausha kwa siku kadhaa, pombe, na mpando unaomaliza hata mtu mzima wa afya. Mtu mwingine katika hali ile angeshuka kwenye baiskeli mapema, si kwa woga bali kwa sababu mwili ungemlazimisha. Miguu ingegoma, kichwa kingezunguka, kifua kingembana, naye angekaa chini akalaumiwa na gazeti la kesho yake. Amfetamini haikumwongezea nguvu ambayo hakuwa nayo. Ilichofanya ni kunyamazisha ile sauti inayomwambia mtu kwamba nguvu zimekwisha.

Jambo hili lilikuja kuonekana waziwazi maabara. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Brussels walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa waendesha baiskeli wenye mazoezi mazuri. Waliwapa miligramu 20 za methilfenideti, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, kisha wakawapima katika chumba chenye joto la nyuzi 30. Waliomeza dawa walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 16 kuliko siku walipomeza kidonge kisicho na kitu. Joto la ndani ya miili yao likapanda kupita nyuzi 40, kiwango cha hatari. Lakini walipoulizwa wanaonaje uzito wa kazi, majibu yao yalikuwa yaleyale ya siku nyingine. Mwili ulikuwa unaungua na mwenye mwili hana habari.

Methilfenideti hiyohiyo hupewa watoto wa shule. Hapo msomaji ana haki ya kushtuka na kuuliza: kama ndiyo kazi yake, kwa nini daktari ampe mtoto? Jibu linaanzia mwaka 1937, mwaka uleule aliozaliwa Simpson, katika mji wa East Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani. Daktari Charles Bradley alikuwa akiendesha kituo cha watoto wenye matatizo ya tabia. Ili kuchunguza ubongo wakati ule, madaktari walitumia kipimo kilichowaachia watoto maumivu makali ya kichwa. Bradley akawapa Benzedrine, amfetamini iliyokuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni, akitumaini itapunguza maumivu. Kichwa hakikupona sana. Kilichobadilika ni darasa. Kati ya watoto 30 aliowajaribu kwa wiki moja, 14 walifanya kazi za shule kwa namna iliyowashangaza walimu wao: waliketi, wakamaliza walichoanza, wakataka kuendelea. Watoto wenyewe wakavibatiza vidonge vile jina la vidonge vya hesabu. Dawa ilipositishwa, mabadiliko nayo yakaondoka siku hiyohiyo.

Watoto wa namna hiyo leo tunasema wana tatizo la upungufu wa umakini na utukutu, ambalo madaktari hulifupisha ADHD. Kila mtaa unawajua, ila unawaita majina mengine. Ni yule anayejibu kabla swali halijaisha, anayepoteza kalamu tatu kwa wiki, anayetumwa dukani akarudi na mpira badala ya chumvi. Ni yule msichana mpole wa dirishani ambaye hamsumbui mtu, ila mwalimu akimwita jina hurudi kutoka mbali. Wakubwa husema hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na dawa yake inatafutwa kwenye fimbo.

Ndani ya ubongo, chembe hupashana habari kwa kumwagiana kemikali, na mbili kati ya hizo, dopamini na noradrenalini, zinahusika sana na kushika jambo moja na kuliacha jingine lipite. Ujumbe ukishafika, kemikali hufyonzwa na kurudishwa zilikotoka. Methilfenideti huziba njia ya kurudi. Amfetamini huiziba na pia husukuma kemikali hizo kwa wingi zaidi nje. Kwa kipimo kidogo, mtoto ambaye kila mlio wa pikipiki ulikuwa unamwondoa darasani anaweza kuuacha upite. Kinachonyamazishwa kwake ni kelele. Kwa Simpson kilichonyamazishwa ni onyo. Dawa ni za ukoo mmoja, na zinapitia njia moja kichwani. Tofauti ni kile zinachokikuta huko.

Hapa wazazi wengi huteleza, na hata baadhi ya walimu. Husema: tumjaribu kwa kidonge, akitulia basi tutajua alikuwa mgonjwa. Hoja hiyo ilishaanguka zamani. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba waliwapa amfetamini wavulana 14 wasio na tatizo lolote. Nao walitulia, nao umakini wao ukaongezeka. Kwa hiyo mtoto kutulia baada ya kumeza hakuthibitishi chochote kuhusu ugonjwa. Kunathibitisha tu kwamba kidonge kinafanya kazi. Ugonjwa hutafutwa kwa njia ndefu: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi sita, zionekane nyumbani na shuleni na si mbele ya mwalimu mmoja tu, na ziwe zinamharibia mtoto maisha kweli. Kabla ya hapo mtoto apimwe macho na masikio. Aulizwe analala saa ngapi na anakula nini asubuhi. Iangaliwe kama hana ile aina ya kifafa isiyomwangusha, inayomfanya apotee kwa sekunde chache akikodoa macho. Iulizwe pia, kwa heshima, kama nyumbani kuna amani. Mtoto mwenye njaa hatulii, na mtoto anayesikiliza ugomvi wa wazazi kila usiku hawezi kusikiliza hesabu kila asubuhi.

Mwanamichezo mwingine atusaidie kuona upande wa pili. Septemba 2016, majuma machache baada ya Simone Biles wa Marekani kurudi kutoka Rio de Janeiro na medali nne za dhahabu katika mazoezi ya viungo, wadukuzi waliiba kumbukumbu za shirika la dunia linalopambana na dawa michezoni na kuzianika. Ikaonekana kwamba Biles alikuwa akitumia methilfenideti. Waliotaka kashfa wakapiga vigelegele. Yeye akajibu bila kujificha kwamba ana ADHD, kwamba anatumia dawa tangu utotoni, na kwamba hakuna cha kuonea aibu. Dawa hiyo hairuhusiwi wakati wa mashindano, lakini yupo anayeweza kupewa kibali maalumu kwa sababu za tiba, na kibali alikuwa nacho.

Wawekeni wawili hawa pamoja. Biles alikuwa na ugonjwa uliotambuliwa, kipimo kilichopangwa na daktari, karatasi zilizopelekwa kwa wanaohusika, na watu waliomfuatilia mwaka hadi mwaka. Simpson alikuwa na vichupa mfukoni na hesabu ya nafasi ya kumaliza. Ufaransa ilishapiga marufuku dawa hizo michezoni tangu 1965, na mwaka uliofuata waendesha baiskeli waligoma kwa sababu wapimaji waliingia vyumbani mwao. Kila mmoja alijua mwenzake anameza, na kwa kuwa wote wanameza, aliyekataa ndiye aliyeonekana mjinga. Hakuna aliyekuwa akimpima Simpson mapigo ya moyo na kumwambia leo usipande. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na ni mara chache methali imetimia kwa uhalisia wa namna hii: furaha ya kidonge ilikuwa ya mkopo, na aliyekopwa alikuwa mwili wenyewe.

Wanaokopa siku hizi si waendesha baiskeli tu. Katika vyuo vikuu vya Marekani, msimu wa mitihani, vidonge vya mtu mwenye ADHD huombwa, hununuliwa na huibwa na wenzake wasio nayo, kwa imani kwamba vinaongeza akili. Imani hiyo nayo imepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya jaribio kwa watu 40 wenye afya. Waliwapa fumbo: una mkoba unaobeba uzito fulani, na vitu vingi, kila kimoja na uzito wake na thamani yake, chagua utakavyoweka ili thamani iwe kubwa kabisa bila kuzidisha uzito. Siku moja mtu alimeza methilfenideti, siku nyingine dawa nyingine za kuamsha, na siku moja kidonge kitupu, bila kujua ni kipi. Waliomeza dawa walihangaika zaidi: walitumia muda mrefu, waliingiza na kutoa vitu mara nyingi. Mikoba yao haikuwa bora. Kila hatua waliyopiga iliwaletea faida ndogo kuliko walipokuwa hawana dawa, na wengi waliokuwa juu ya wastani wakashuka chini yake.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyemeza atakesha kweli akipiga msuli, na asubuhi ataapa kwamba hajawahi kusoma vile. Juhudi ilikuwapo. Kilichonyamazishwa ni ile shaka yenye manufaa inayomwambia msomaji: hapa hujaelewa, rudi ukurasa wa nyuma. Akishazoea atahitaji vidonge viwili pale palipotosha kimoja. Wengine husaga kidonge kilichotengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi, wakakivuta puani, na dozi ya kutwa ikaingia kwa mkupuo. Wengine huchanganya na pombe, wasijione wamelewa hadi wamekunywa kupita kiasi. Mwisho wa njia hiyo ni moyo unaokwenda mbio, usingizi uliopotea, huzuni nzito dawa inapokatika, na kwa waliozidisha, kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini kwamba majirani wanakula njama.

Wala tusiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani. Majani mabichi ya mti tunaouita mirungi Tanzania na miraa Kenya yana katinoni, kemikali iliyo ndugu wa karibu wa amfetamini. Tanzania imeyaweka katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015. Nchini Kenya ni zao halali linalolisha familia nyingi Meru. Sheria zinatofautiana, mwili ni uleule. Dereva wa lori anayetafuna ili afike Tunduma alfajiri hajauondoa usingizi, ameuzuia usimwambie kitu. Macho yako wazi, mkono uko kwenye usukani, lakini uchovu wa saa kumi na nane uko palepale alipouacha, ukimsubiri kwenye kona.

Yapo makosa mawili, na la kwanza lisitufanye tuangukie la pili. La kwanza ni la Simpson: kumeza bila ugonjwa, bila kipimo, bila msimamizi. La pili ni la mzazi ambaye, akishasikia kisa kama hiki, anamnyima dawa mtoto anayeihitaji na kumwachia fimbo iendelee na kazi. Mtoto huyo naye hulipa, kwa shule iliyomshinda wakati akili anayo, kwa marafiki waliomchoka, na kwa imani inayomwotea moyoni kwamba yeye ni mbaya. Kwa walio chini ya miaka sita, madaktari huanza na kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto: maagizo mafupi, jambo moja kwa wakati, sifa inayotolewa papo hapo. Kwa wakubwa zaidi, dawa na malezi huenda pamoja, na mwalimu anayemkalisha mtoto dawati la mbele na kumgawia kazi vipande vipande naye ni sehemu ya tiba.

Mzazi akiandikiwa dawa, aulize bila kuona haya. Moyo wa mtoto umeangaliwa, na katika ukoo wetu umeulizia kama yupo aliyeanguka ghafla akafa kijana? Uzito, urefu na shinikizo la damu vitapimwa kila baada ya muda gani, maana dawa hizi hukata hamu ya kula na huweza kupunguza kasi ya kukua? Kidonge kimezwe saa ngapi kisije kikaiba usingizi? Tutajuaje kwamba hakihitajiki tena? Vidonge vikifika nyumbani, vikae anapovifikia mtu mzima tu, vihesabiwe, na asigawiwe mtu, hata awe binamu aliye kwenye mtihani wa mwisho. Anayeandika dawa anapaswa kuwa na majibu ya maswali hayo yote. Akikosa, atafutwe mwingine. Rafiki mwenye vidonge mfukoni hana jibu la hata moja.